Majani ya Tambuu Usoni pa Hemlata

Bibi yangu Hemlata hakupenda sinema. Enzi za picha zisizo na sauti, majirani zake wa Kalkuta walipozikimbilia, yeye alibaki kukata mboga.

Chanzo chake ni posa. Wageni walipokuja kumwona mchumba, baba yake mkubwa alihofia weusi wa Hemlata, akamketisha binamu yake mweupe, Shefali, mahali pake. Hemlata akavalishwa sari kuukuu, akapeleka vitamutamu kama mtumishi.

"Na maji, wewe! Mpaka uambiwe?" baba mkubwa alimfokea mbele za watu.

Kijana mmoja wa miwani, aliyetajwa kuwa rafiki wa bwana harusi, alipokea bilauri kwa mikono miwili. "Ahsante, dada." Bwana harusi mwenyewe, kwa desturi, hakutakiwa kuja.

Siku ya harusi ikafika, na bibi harusi alikuwa Hemlata, si Shefali. Msichana aliyekwisha kupakwa manjano ya harusi, bwana harusi akimkataa, haolewi tena. Hemlata alilijua hilo ndugu zake walipombeba juu ya kibao, wakamzunguka naye bwana harusi, Hemlata kaficha uso nyuma ya majani ya tambuu.

"Shusha majani, bibi harusi! Au umesinzia humo?" wanawake walimtania.

Akashusha. Mbele yake ilikuwa miwani ile ile.

Kijana alimtazama, akamtazama baba mkubwa aliyekuwa akitokwa jasho, kisha akamrudia Hemlata.

"Kumbe mwenye maji," alinong'ona. "Mimi nilijifanya rafiki yangu mwenyewe nipate kuchungulia. Basi tumekutana waongo wawili."

Akamvika shada la maua. Wanawake wakapiga vigelegele, na Hemlata akainamisha kichwa. Mume huyu alimtaka, au alimhurumia tu? Hakuthubutu kuuliza, asije akamkumbusha Shefali.

Miaka kadhaa baadaye babu alimshawishi waende sinema. Picha ilikuwa ya bibi harusi aliyebadilishwa. Ukumbi ulivunjika mbavu. Babu alicheka hadi akavua miwani kupangusa machozi. Alipogeuka, akamkuta mkewe amejifunika sari hadi kidevuni.

"Mama Binu, vipi? Macho?"

"Mwanga tu, baba Binu. Wewe tazama."

Babu hakucheka tena mpaka picha ikaisha.

"Afadhali angeendelea kucheka," bibi aliniambia, akivuta sari usoni.