Siri Iliyotoka Kwenye Pamba

Pamba iliyolala ndani ya nyumba ina harufu yake: vumbi, jua na mbegu zenye mafuta. Nyumba yetu ya Tinde ilinuka hivyo msimu mzima, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa na miaka kumi. Alasiri mama alimwaga pamba mkekani, na wanawake wawili wakaja kuchambua naye: jirani yetu Mama Shija, mke wa mfugaji, na Mama Nasra, Mhindi mwenye duka barabarani. Pamba ilikuwa kisingizio tu. Kila mmoja wao alikuwa na mtoto asiyetulia. Mdogo wangu Kabula, mwenye miaka saba, alitumwa maji akarudi bila ndoo. Watu walisema ana mapepo, au kwamba mama hajui kulea. Mkekani pale hakuna aliyesema hivyo. Walikubaliana kupokezana: leo huyu anabaki na watoto wote watatu, kesho yule. “Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,” mama alisema, wakacheka, lakini ilikuwa kweli. Kabula aliyemtoa mama machozi alishinda dukani akipanga makopo ya samli na kuyapangua, na Mama Nasra hakuchoka naye.

Mimi nilichambua pamoja nao, nikisikiliza kila neno. Siku moja Mama Shija aliinamisha kichwa. “Jamani, kabla hatujaanza haya, nilikuwa namfunga Shija mguu kwa kamba ya ndama nikienda kupalilia. Anashinda hapo nguzoni, anakula hapohapo.” Mama alimshika bega. “Mimi nilimchapa Kabula mpaka mkono wangu ukavimba. Lia, dada, hapa hakuna wa kukucheka.”

Kesho yake niliyasimulia shuleni. Nilijulikana kwa kuleta habari, na nilipenda wenzangu walivyonyamaza kunisikiliza. Wiki haijaisha, watoto walikuwa wakimfuata Shija barabarani: “Ndama wa Mama Shija! Leo kamba umeikatia wapi?”

Mama Shija alikuja, akakataa kuketi. “Mama Kabula, tulikuwa watatu tu. Kikulacho ki nguoni mwako.” Mama aliapa kwamba si yeye, kisha akafikiri kidogo. “Basi ni yule wa dukani. Wateja wanaingia na kutoka kutwa nzima, maneno yatakosaje kutoka?” Nilikuwa nimeketi mkekani, hatua mbili kutoka walipokuwa. Hakuna aliyeniuliza. Niliinama nikaendelea kuchambua.

Mama Nasra alipokuja na peremende za Kabula, mama alimzuia mlangoni. “Leo hatuchambui.” Pamba ilionekana wazi nyuma yake. Hakurudi tena, wala Mama Shija. Msimu wa palizi uliofuata mama alimfunga Kabula kamba, na mimi ndiye niliyeshikilia mguu wake akifungwa.

Siku hizi namsindikiza binti yangu na mwanawe mjini Shinyanga, ambako wazazi wa watoto wasiotulia kama Kabula hukutana kila mwezi. Hali yenyewe ina jina hospitalini, na daktari anasema si mapepo wala malezi mabaya. Mama yangu alifariki bila kusikia hayo, akiamini mpaka mwisho kwamba Mama Nasra alimsaliti. Nilikuwa na miaka mingi ya kumwambia, sikumwambia. Mwezi uliopita mama mmoja kijana, mgeni, aliketi kando yangu akaninong'oneza, “Shikamoo, bibi. Nikisema humu, hayatatoka?” Nikamwambia hayatatoka. Aliniamini papo hapo, akaanza kusema, nami nikashindwa kumtazama usoni.