Tarumbeta Mbili Stendi ya Sumbawanga

Juzi tukisubiri basi la Namanyere, nilikaa jirani na mzee aliyepiga jazi Dar miaka mingi, akawarekodi wenzake studio, na sasa anafundisha muziki Kaengesa. Alikuwa na mwanafunzi wake, binti wa Kifipa, kila mmoja na tarumbeta lake.

Mzee akapuliza kipande, akasubiri. Binti akashusha lake mapajani.

"Nijibu!"

"Mwalimu, nitamdakiaje mkubwa?"

Mzee akakuna kichwa. "Tukikutana njiani, nani anaanza salamu?"

"Mimi."

"Basi nisalimie."

Binti akapiga goti palepale vumbini, akapuliza sauti mbili za chini. Mzee akaitikia. Binti akaongeza, mzee akarefusha, binti akamfuata bila woga, mpaka abiria tukawa tunatikisa vichwa. Na mimi niliyekuwa nikiambiwa jazi haieleweki! Kumbe ni watu wawili wanaosalimiana bila haraka, kama Wafipa.

Kondakta akagonga bodi la basi letu, injini tayari inanguruma. "Twendeni, muda umefika!"

Mama mmoja aliyekalia gunia la ulezi akamkazia macho. "Subiri wewe! Hawajaulizana hata habari za watoto."

Dereva, naye Mfipa, akazima injini.