Bibi Kagua na Mzigo Ambao Hakuukagua

Mimi si mtu wa kalamu na ninyi wa mtaa wetu mnajua. Niliishia darasa la pili, herufi zangu zinaegemeana kama walevi, lakini hamkukoma: andika habari za mdogo wako, andika watu wasome. Haya, naandika. Mwenye kucheka mwandiko aje anicheke usoni.

Huyo mdogo wangu ana miaka kumi na tisa kwenye banda la karatasi. Watu wa mtaa huleta maboksi na karatasi za nyumbani, yeye na wenzake wanachambua, mashine inabana, yanatoka marobota makubwa kama makabati ya nguo, lori linapeleka kiwandani. Jina lake wamelisahau kabisa. Wanamwita Bibi Kagua, maana mzigo haupiti mlangoni bila yeye kuufungua.

"Mama, ni maboksi tu," mtu atajitetea.

"Maboksi tu! Na tumboni yana nini?"

Anakata kamba, anapenyeza mkono. Hapo ndipo vinatoka vya kutoka. Boksi la chakula linalochuruzika mafuta. Pampasi ya mtoto imefungwa kwenye gazeti kama zawadi. Pakiti ya maziwa, nje karatasi, ndani plastiki.

"Hii ni taka au ni tusi?" anamuuliza mwenye mzigo. "Mafuta yakishaingia kwenye karatasi hayatoki, baba. Hata kiwandani wakiiloweka na kuiponda, doa linabaki palepale. Chukua mzigo wako, rudi nao."

Nyumbani anaishi na mjukuu wake wa kike, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Nyumba ile ilikuwa shule ya maboksi. Boksi likiisha kazi linabanduliwa utepe wa gundi, linalazwa bapa, linafungwa kamba, linawekwa juu ya kabati la viatu kando ya mlango, mbali na maji. Asubuhi Bibi Kagua anaubeba mzigo wake kichwani hadi bandani, anautupa moja kwa moja kwenye rundo la safi. Huo ndio mzigo pekee ambao hakuwa anaufungua.

"Huu umetoka kwangu," anawaambia wenzake, na shingo yake inarefuka.

Mwaka huu mjukuu alifaulu kidato cha nne, wa kwanza kwenye ukoo wetu kufika alipofika. Akapata nafasi chuo cha uuguzi, akaambiwa aripoti Jumatatu na cheti chenyewe, nakala haitakiwi. Ijumaa akakichukua shuleni. Kulikuwa na manyunyu, naye ni mtoto aliyefunzwa: akakiweka katikati ya vipande viwili vya boksi kisijikunje, akafunga kamba vizuri, mafundo mawili, kama bibi yake. Alipofika nyumbani akakiweka mahali pakavu kuliko pote anapopajua. Juu ya kabati la viatu.

Jumamosi bibi mtu akaamka, akakuta mzigo umefungwa vizuri. Akatabasamu. Akaubeba.

Saa nne mjukuu aliingia bandani mbio, mguu mmoja peku, kandambili iliyokatika iko mkononi.

"Bibi, kile kifurushi cha juu ya kabati..."

"Nimekileta, mama. Kisafi kama wewe."

"Bibi, cheti changu kilikuwa ndani."

Mashine ilikuwa imeshabana marobota matatu. Lori linanguruma nje. Msimamizi, kijibaba chembamba chenye filimbi shingoni, akauliza kimeingia robota lipi.

"Sijui."

"Hujui? Bibi Kagua hajui kilichopita mlangoni?"

Mmoja akacheka, halafu akaona uso wa yule binti, akarudi kwenye rundo lake. Mdogo wangu hajawahi kumwomba mtu hata chumvi. Siku hiyo alimshika msimamizi mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu, nakuomba. Kata."

"Nikikata, kazi ya asubuhi yote imekwenda."

"Nitaifanya upya peke yangu. Kata."

Wakakata la kwanza. Hakuna kitu. Wakakata la pili, wakabandua safu moja moja kama watu wanaotafuta sindano kwenye godoro, na katikati kabisa wakakuta vile vipande viwili na kamba yake. Ubavuni mwake limebandikana boksi la chakula. Mtu alilificha ndani ya boksi jingine, likapita, na mashine ilipobana, mafuta yote yakahamia kwa jirani.

Jina lilisomeka. Alama za masomo zilikuwa zimeungana, muhuri umekuwa doa la kahawia.

"Kinyunyizieni poda, inyonye mafuta," mwanamke mmoja akashauri.

"Poda ya nini, dada, kimetoka kuoga?" mwingine akamjibu.

Mjukuu alikitazama sana. Kisha akasema taratibu, "Kila mtu unamfungulia, Bibi. Mbona mimi hukunifungulia?"

Huyo mdogo wangu ana mdomo, mtaa mzima shahidi. Siku hiyo aliinama tu, akaanza kukusanya maboksi yaliyotawanyika.

Jumatatu walikwenda wote wawili. Karani wa chuo alikishika cheti kwa ncha za vidole, akakiinua kwenye mwanga.

"Hiki ni cheti au kitambaa cha jikoni?"

"Kosa ni langu," Bibi Kagua akasema. "Niandike mimi."

"Mama, hapa sina fomu ya kumwandika bibi."

Akawapa wiki mbili walete kingine. Ofisi ya mitihani wanasema cheti kipya kinachukua miezi. Leo ni siku ya kumi na moja. Kila asubuhi mjukuu yuko kwenye foleni ya ofisi ile, na bibi yake yuko mlangoni bandani, anakata kamba za watu, na ya mzigo wake mwenyewe.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, usinipe pole, sina pa kuiweka. Mmoja wenu ndiye mwenye lile boksi, na anajijua. Inuka. Nenda jikoni kwako, fungua mzigo uliofunga kwa ajili ya banda, tia mkono mpaka chini. Chenye mafuta toa, chenye maji toa, cheti cha mtoto wa mtu toa. Ukimaliza, njoo uniambie ulikuta nini. Nipo, na mlango sifungi.