Mashine Isiyo na Timu

Kila asubuhi marehemu baba alikuwa akiwasomea majirani gazeti kwa sauti, hapa hapa kwenye benchi letu la Ukonga. Timu yake, Radi, ikifungwa, alifunua ukurasa haraka na kusema, "Huku hamna kitu." Mie mtoto nilikuwa nacheka mpaka chai inanitoka puani.

Basi nimekua, niko chuo kikuu, natengeneza programu ya simu inayosoma habari na kuondoa upendeleo. Niliifundisha mwenyewe, kwa kuweka alama kwenye kila sentensi niliyoona ina ushabiki. Jumamosi nikamleta msimamizi wangu, Dokta Neema, tuijaribu kwa majirani wale wale. Benchi ni lile lile, hata msumari uliokuwa ukichana kanzu ya baba bado upo. Nikajitapa, "Wazee wangu, hii haina timu!"

Mzee Salehe, mtani wa baba tangu zamani na shabiki wa wapinzani wa Radi, akaiuliza simu habari za mechi ya jana.

"Radi walitandaza soka safi," ikajibu. "Sentensi zilizobaki zina ushabiki, zimeondolewa."

"Heh! Mbona tumewapiga tatu bila?"

Dokta Neema akanigeukia taratibu. "Habari za michezo nani aliziwekea alama?"

Nikaangalia ndala zangu. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akaikodolea macho ile simu.

"Jamani," akasema, "na sie tukajua tumemzika!"