Mguu wa Kuvalia Kandambili

Shangazi yangu, muuza vitenge wa Kariakoo aliyekatwa mguu kwa kisukari, ndiye aliyenisimulia haya Idi iliyopita. Binti anayesomea uhandisi wa vifaa tiba chuo kikuu alimletea mguu wa bandia alioutengeneza, mradi wake wa kumalizia chuo. Mwalimu wake, aliyefuatana naye, akausifu. Shangazi akaugeuza, akapapasa vidole vilivyoshikana.

"Kandambili nitavaaje?"

"Mama, utavaa viatu," alisema mwalimu.

"Nikienda kutawadha nivae buti, mwanangu?"

Binti akatoa kalamu, akachora mstari kando ya kidole gumba. "Nipe wiki mbili, mama."

Sijui kandambili hufundishwa mwaka wa ngapi, ila mguu ule, kidole gumba kikiwa kimetenganishwa, ulishika nafasi ya kwanza chuoni. Shangazi amerudi dukani, na kandambili zake zinalika sawasawa, kulia na kushoto.