Jina Alilokuwa na Ruhusa ya Kulitaja

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakimiminika kutoka Burundi, mtendaji wa kijiji chetu cha Kidahwe aligawa karatasi kwa kila kaya. Tuandike wazazi, mababu na walikozaliwa. Kaya iliyoshindwa ilihesabiwa ya wageni, na wageni walipelekwa kambini. Nilikuwa msichana wa darasa la saba, naishi na bibi mzaa baba, baba na babu wote wamekwisha kufariki. Tulipewa siku tatu.

Jina la babu nililijua. Nilipouliza la baba yake babu, bibi akatikisa kichwa. Alilijua kuliko mtu yeyote, lakini huyo alikuwa baba mkwe wake, na kwetu mwanamke aliyeolewa hatamki jina la mkwe wake mpaka anazikwa.

"Bibi, twende kambini kwa sababu ya heshima?" Nilikuwa nimekasirika kweli.

"Twende," alisema. "Yule mzee hajanikosea kitu."

Basi kesho yake alfajiri tukashika njia ya Kalinzi, kwa wifi yake, dada wa babu, kwa kuwa binti anaruhusiwa kumtaja baba yake. Tulimkuta kwenye mkeka akichagua kahawa. Aliposikia shida yetu alicheka mpaka akapaliwa.

"Umemtembeza mtoto wa watu njia yote hiyo kwa jina moja?"

Bibi alitoka nje, asije akalisikia. Wifi yake akanitajia baba yake, akaendelea bila kuombwa mpaka kwa yule aliyefyeka shamba lao la pale Kalinzi mara ya kwanza. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, najiona mtu mwenye kwao.

Siku ya kurudi, tukiwa tumekaa kando ya njia tunakula viazi, niliona mstari mmoja bado mtupu: baba wa bibi.

"Bibi, baba yako aliitwa nani?"

Sikuwahi kumuuliza. Alilitaja papo hapo, akalirudia, uso umemchangamka. Akanieleza kilima alikokuwa akilima mtama baba yake, kule Burundi, na jinsi yeye alivyovuka mpaka akiwa msichana kuja kuchuma kahawa ya watu Kalinzi, akaolewa hapo hapo. Halafu akanishika mkono wenye kalamu.

"Mke mwenzangu," alisema, kama alivyozoea kunitania, "hilo usiliandike."

Niliandika jina nililolisikia kule, la mzee mmoja jirani wa wifi yake, marehemu. Alikozaliwa bibi, nikaandika Kalinzi. Niliwaza kambi tu, wala sikuona nimefanya jambo kubwa.

Mtendaji alikuja siku ya tatu, akasoma karatasi yote kwa sauti pale uani. Bibi aliziba masikio lilipofika jina la mkwe wake, mtendaji akatabasamu. Alipofika mstari wa mwisho akalisoma jina la yule jirani, akainua macho.

"Mama, huyu ndiye baba yako mzazi?"

Bibi alinitazama mimi kwanza.

"Ndiye," alisema.