Mzee wa Mizinga Hafi

Kuendesha mchezo wa kusimulia mezani hakuhitaji vitu vingi. Mimi nilianza na dadu za ludo, mfuko wa saruji niliochora ramani upande wake wa ndani, na boksi la biskuti nililolikata na kulisimamisha mbele yangu ili wachezaji wasione ninachorusha. Sheria nilizipakua kwenye simu, nikazipunguza hadi mtu yeyote aelewe. Mimi nasimulia mahali na hatari iliyopo. Kila mchezaji ana mtu wake ndani ya hadithi, anasema mtu huyo anafanya nini, na pakiwa na mashaka dadu inaamua. Uhai tulikuwa tunauhesabu kwa mbegu za alizeti, na hapo nilichemka, maana hapa kwetu Singida ukimwekea mtu alizeti mezani atazitafuna tu. Kaka yangu alikufa kabla hajakutana na adui yeyote. Tukahamia punje za mahindi.

Tulicheza Jumapili baada ya chakula cha mchana, barazani kwangu Shelui, nyuma ya duka langu la fotokopi. Wachezaji walikuwa kaka yangu, ambaye amejenga Singida mjini na huja na gari lake, na fundi pancha wa jirani, Msukuma mwenye mdomo. Sisi ni Wanyaturu, kwa hiyo yeye ni mtani wetu, na hakuna tusi la utani ambalo hajatupa.

Halafu akaja baba. Alikuwa dereva wa malori maisha yake yote, na alihamia kwangu akisubiri kufanyiwa upasuaji Dodoma, wa uvimbe tumboni. Mwanzoni aliuita mchezo wetu wehu wa watu wazima, jambo analolikanusha hadi leo. Jumapili iliyofuata alivuta kiti, akatengeneza mtu wake: mzee wa mizinga, mrina asali wa porini Rungwa, mkali, asiyemwamini mtu.

Mzee akikaa mezani, mchezo wote unabadilika. Zamani nilikuwa nauliza, "Mnafanya nini?" Sasa nikiuliza hivyo wote wananyamaza, wanasubiri baba aseme, akishasema wanaitikia, "Kama alivyosema mzee." Huo si mchezo tena, ni kikao cha ukoo. Ikabidi niulize mmoja mmoja, nikianzia kwa mdogo, na baba nimwache mwisho. Mbinu hiyo ilifanya kazi vizuri.

Lakini kuna jambo halikuwa na mbinu. Jangili akimpiga risasi mzee wa mizinga, mimi nachungulia dadu nyuma ya boksi, naona sita, yaani risasi imempata, nasema, "Amekosa." Kaka alijua, fundi alijua, na hakuna aliyelalamika. Nani angetamka mbele ya baba yake kwamba mzee amekufa, hata kama mzee mwenyewe ni kizibo cha soda juu ya mfuko wa saruji? Huo ni uchuro. Kwa wengine niliacha dadu iseme kweli, na fundi nilimuua bila huruma.

Na nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Baba alitaka kutuambia azikwe wapi, na hakuna aliyempa nafasi. Akianza tu, "Sasa wanangu, ikitokea nimekwenda," kaka anadakia, "Baba, acha uchuro bwana, utapona." Mimi naenda jikoni kuangalia chungu kisicho na kitu. Pembeni, kaka alikuwa ameshaniambia kwamba, Mungu apishe mbali, likitokea la kutokea tutazika mjini, kwenye kiwanja chake, kando ya lami, ndugu wafike kwa urahisi. Hilo nalo baba hakuulizwa.

Jumapili ya mwisho kabla ya safari, jangili alifyatua tena. Nikachungulia. "Amekosa."

"Toa hilo boksi," baba akasema.

"Baba, ndivyo mchezo ulivyo."

"Jangili gani huyu, kila siku anakosa? Amelewa?"

Fundi akacheka. "Wanakuogopa, mzee. Wewe Mnyaturu unatuzibia njia tu. Ungekufa mapema, sisi watani tungekuwa tumeshakula pilau la msiba."

"We, koma!" kaka akamrukia.

Baba alicheka mpaka akashika tumbo. "Hapa mwenye akili ni huyu Msukuma peke yake. Mpe yeye dadu."

Nililitoa boksi. Fundi akarusha katikati ya meza, kila mtu akaona. Sita. Mzee wa mizinga alikuwa amebakiwa na punje moja. Fundi akaiokota taratibu, akaitia mfukoni. "Haya mzee, kwaheri. Deni la asali nisamehe."

Kwenye sheria zile kuna kipengele kwamba anayekufa hupewa maneno ya mwisho, na haruhusiwi mtu kumkatiza. Nilikisoma kwa sauti. Kaka alifungua mdomo, fundi akamnyooshea kidole. "Sheria, bwana mkubwa."

Baba akaangalia ramani. "Mzee wa mizinga anasema asizikwe mjini. Mke wake yuko Sepuka, amelala kule peke yake muda mrefu. Mzee anaomba apelekwe huko. Lami haimsaidii maiti." Akakilaza kizibo chake juu ya ramani. "Anasema amelisema hili mara nyingi, watoto wake wanapenda kumkatiza."

Mama yetu ndiye aliyezikwa Sepuka. Nililia pale pale, mwendesha mchezo mzima. Kaka aliinuka, akatoka hadi barabarani, akasimama akitazama malori kama vile hajawahi kuyaona. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Nimesikia, baba," akasema. Tukaacha kucheza.

Siku ya kwenda Dodoma, kaka aliendesha yeye. Tulipofika Singida mjini sikuuliza kwa nini ameiacha barabara kuu, wala baba hakuuliza. Tulifika Sepuka jua limeshapanda. Kaburi la mama lilikuwa limeota majani. Kaka akavua shati, akaazima jembe kwa jirani, akapalilia hadi saruji ikaonekana. Kisha akajifuta jasho na kusimama kwenye ardhi tupu kando yake, bila kumtazama yeyote.

"Upande gani, baba?"

"Huo wa kushoto," baba akasema. "Ndiko nilikokuwa nalala."